Hita ya maji ya lita 50 iliyozeeka: itengenezwe au ing'olewe?

Hita tunayoipima hapa ni ile ya umeme ya ukutani, ya lita 50, ambayo utaikuta kwenye mabafu mengi ya Arusha, Moshi, Iringa, Mbeya na Nairobi. Ndani yake kuna tangi la chuma lililopakwa enameli, koili moja ya wati 1,500 (nyingine huwa na 1,200 au 2,000), themostati inayokata umeme maji yakifika joto lililowekwa, na fimbo ya magnesi inayolinda tangi lisiliwe na kutu. Nje, kwenye bomba la maji baridi, kuna valvu ya usalama. Ariston ni jina utakalolisikia sana madukani, lakini ukifungua mfuniko wa chini wa hita ya karibu kampuni yoyote utakuta mpangilio ni huohuo, kwa hiyo tunayosema yanazihusu zote.

Msimamo wetu ni huu: koili, themostati, gasketi (mpira wa kuziba maji), valvu na fimbo vyote vinabadilishika, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya hita nzima. Tangi halibadilishiki. Hita ya miaka 10 yenye tangi zima inastahili kutengenezwa, na ya miaka mitatu ambayo tangi limetoboka haistahili hata shilingi moja. Mafundi wengi hawaanzi hapo. Wanauliza umri, wanatazama kutu kwenye ganda la nje, kisha wanakuambia ununue nyingine. Ganda la nje linapata kutu kwa sababu bafu lina mvuke. Halikuambii lolote kuhusu tangi lililo ndani.

Kwanza ujue maji yanatoka wapi

Hita inayodondosha maji haijafa mpaka ujue tone linaanzia wapi. Tone linalotoka kwenye valvu ya usalama wakati maji yanachemka ni jambo la kawaida kabisa. Lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinatanuka kwa karibu robo tatu ya lita, na kwa kuwa valvu hiyo hairuhusu maji kurudi nyuma kwenye bomba, hayo yaliyozidi yanatokea kwenye kipua chake kidogo. Funga kimpira kwenye kipua hicho, uyaelekeze kwenye tundu la maji machafu, basi. Wapo wanaokerwa na matone hayo wakaziba kipua kwa plagi au wakaing'oa valvu yenyewe. Usikubali hilo nyumbani kwako. Valvu hiyo hufunguka presha ikifika baa 8 hivi. Themostati ikikwama na kipua kimezibwa, maji yanaendelea kupata moto ndani ya chombo kisicho na pa kupumulia, na tangi linaweza kupasuka na kuvunja ukuta.

Tone likiendelea hata hita ikiwa imepoa na imezimwa, valvu imekwama kwa chokaa au mchanga. Nyanyua kiwiko chake mara kadhaa maji yapite kwa nguvu. Ikigoma, nunua mpya ya nusu inchi, ni kazi ya dakika 20.

Maji yakitokea chini ya mfuniko wa plastiki ndipo pa kuwa makini, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa gasketi, ambayo ni rahisi, au tangi, ambalo ndiyo mwisho wa hita. Zima breka kwenye meni swichi, hakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, ondoa mfuniko. Utaona sahani ya chuma, yaani flanji, iliyobeba koili na themostati. Futa kila kitu kwa kitambaa mpaka kikauke. Zungushia flanji vipande vya karatasi ya chooni, na vipande vingine uvisokomeze pale povu la kuhifadhi joto linapokutana na shingo ya tangi. Subiri saa moja maji yakiwa yamefunguliwa. Karatasi iliyo kwenye ukingo wa flanji ikilowa, ni gasketi. Iliyo kwenye povu ikilowa huku ya flanji ikiwa kavu, maji yanatiririka kutoka juu kati ya tangi na ganda, na mara nyingi yatakuwa na rangi ya kutu. Hapo tangi limetoboka.

Atakayekuambia lichomelewe, mkatalie. Moto wa kuchomelea unaiunguza enameli pande zote za tundu, na chuma kilichobaki wazi kitaoza upya pembeni ya kiraka. Ili kulifikia tundu lenyewe, itabidi povu na ganda vikatwe, na hita isiyo na povu inapoteza joto usiku kucha.

Fimbo ambayo hakuna anayeikagua

Enameli haijawahi kufunika chuma kwa asilimia mia. Kwenye viungo na kwenye shingo ya tangi kuna vitundu visivyoonekana kwa macho, na hapo ndipo maji yanapokigusa chuma. Fimbo ya magnesi imewekwa ili iliwe yenyewe badala ya chuma. Ikiisha, zamu inakuwa ya tangi. Hita nyingi sana zinazotupwa zingeweza kuishi mara mbili ya umri wake kama kuna mtu angefungua flanji na kubadilisha kipande hicho cha madini kwa wakati. Inasikitisha kwamba fundi anafunga hita mpya, anapokea pesa yake na kuondoka bila kumwambia mwenye nyumba kuwa fimbo hiyo ipo.

Fimbo inaisha upesi kiasi gani? Inategemea maji. Kwa maji laini ya mserereko yatokayo milimani, miaka mitatu hadi mitano si ajabu. Kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama yale ya maeneo mengi ya Dar es Salaam, pwani ya Mombasa au Dodoma, mwaka mmoja unaweza kutosha kuimaliza. Kanuni tunayoipendekeza ni kuifungua hita mpya baada ya miezi 12 na kutazama. Ikiwa fimbo imepungua kidogo tu, ongeza muda. Ikiwa unene umebaki chini ya nusu, au waya wa chuma wa katikati unaonekana, badilisha papo hapo na ukaguzi unaofuata uwe wa mapema zaidi. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi: nati yake inaweza kuwa ya milimita 4, 5, 6 au 8, na urefu unatofautiana.

Kipimo cha kujua hali ya tangi bila kufungua kitu ni hiki. Chukua ndoo nyeupe, fungua maji baridi dakika mbili, tazama rangi. Mwaga, kisha ujaze maji ya moto. Ya moto yakiwa mekundu na ya baridi yakiwa safi, kutu inatoka ndani ya hita, na fimbo imeisha siku nyingi. Zote mbili zikiwa nyekundu, tatizo liko kwenye mabomba au tangi la juu linalohifadhi maji ya nyumba, na hita mpya haitakusaidia lolote. Harufu ya yai viza kwenye maji ya moto pekee ni jambo jingine: hiyo hutokana na bakteria wanaofanya kazi pamoja na magnesi. Pandisha joto hadi juu kwa saa kadhaa, fungulia maji yote yapite, na ikirudi, tafuta fimbo ya alumini iliyochanganywa na zinki.

Haipashi, inapasha kidogo, inakata umeme

Hapa pesa nyingi hupotea kwa kubahatisha. Koili ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 inapaswa kusoma karibu omu 35 kwenye multimita. Ya 1,200 karibu 44, ya 2,000 karibu 26. Isiposoma chochote, imekatika. Ukipima kati ya nguzo ya koili na mwili wa tangi, multimita isisome chochote. Ikisoma, ganda la koili limepasuka na umeme unavuja ndani ya maji. Dalili yake ni breka ya kuzuia umeme unaovuja kukata kila hita inapopata moto, au mtu kusikia ganzi anapogusa bomba la shawa. Hita ya namna hiyo isitumike hata siku moja zaidi, na kama nyumba haina waya wa athi uliofika ardhini kweli, hilo litengenezwe kabla ya kufikiria hita yoyote, mpya au ya zamani.

Kitufe chekundu cha usalama cha themostati kikiruka, kina sababu. Ukikibonyeza kikaruka tena, themostati haikati kwenye joto lake, au koili imefunikwa na ukoko. Badilisha themostati, na usikubali fundi aunganishe nyaya moja kwa moja kuiruka.

Kuhusu ukoko wa chokaa, kuna dai linalorudiwa sana kwamba unakula umeme. Kwa hita ya gesi ni kweli. Kwa hii ya umeme koili imezama ndani ya maji, hivyo karibu joto lote linaishia kwenye maji hata likichelewa kupita kwenye ukoko. Madhara ya kweli ni mengine. Koili inapata moto kupita kiasi hadi inapasuka. Mrija wa themostati unafunikwa na kuanza kusoma joto lisilo sahihi. Mashapo yanajaa chini na lita 50 zinakuwa 40. Ule mlio wa kupasukapasuka unaousikia hita ikiwaka ni mvuke ulionaswa chini ya ukoko. Bili ikipanda ghafla, tafuta kwanza bomba la moto linalovuja, themostati iliyokwama, au povu lililolowa.

Kabla ya kulaumu koili, pima pia umeme wenyewe. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunahitaji uniti 2.2, yaani saa moja na nusu kwa wati 1,500. Umeme ukishuka jioni hadi volti 200, koili ileile inatoa wati 1,130 tu, na muda unafika karibu saa mbili. Hita mpya itafanya vilevile.

Kazi ya kuihudumia yenyewe inahitaji saa mbili. Zima breka, funga koki ya maji baridi, fungua bomba la moto lililo karibu ili hewa iingie, kisha legeza kiungo cha bomba la maji baridi na kuyaelekeza kwenye ndoo. Yataendelea kutoka kwa muda, hivyo usikimbilie flanji. Piga picha nyaya kabla ya kuzichomoa. Legeza nati za flanji, ishushe taratibu huku ukiizungusha ili koili isikwaruze shingo. Yachote mashapo kwa mkono au kijiko cha plastiki. Bisibisi na patasi zinabandua enameli. Koili iloweke kwenye siki usiku kucha, au kwenye maji yenye asidi ya sitriki. Weka fimbo mpya na gasketi mpya, kwa sababu ya zamani ikishafunguliwa haishiki vizuri tena. Kaza nati kwa kupishana, si kwa kuzunguka. Jaza maji mpaka yatoke bombani bila kukohoa hewa, na hapo tu ndipo uwashe. Koili iliyowashwa bila maji inaungua ndani ya muda mfupi mno, na hivyo ndivyo koili nyingi mpya zinavyokufa siku ya kwanza.

Hatari hiyohiyo inazikabili nyumba ambazo maji ya bomba yanakatika na tangi la juu linakauka. Valvu ya usalama ikichoka, maji ya hita yanarudi chini polepole, halafu mtu anawasha asubuhi.

Lini ing'olewe

Tangi likivuja, ing'oe. Maji ya moto yakiwa mekundu na ukakuta ndani ya shingo magamba ya kutu yanayobanduka kwa kidole, ing'oe pia, hata kama haijavuja. Fimbo mpya haitarudisha chuma kilichokwishaliwa. Zaidi ya hapo, sababu inayoweza kukubalika ni vipuri: kama flanji ni ya umbo ambalo hakuna duka la Kariakoo au la mjini kwako linaloliuza, hutaki kufungwa na hita hiyo. Koili na themostati zikihitajika pamoja kwenye hita ambayo haijafunguliwa kwa miaka 8, fungua kwanza utazame tangi, ndipo ununue.

Ukishaamua kuitoa, usikimbilie kununua ileile. Lita 50 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya nyuzi 22 zinatoa kama lita 90 za kuoga. Kwa shawa ya lita 6 kwa dakika na mtu anayeoga dakika 8, hizo ni za watu wawili, wa tatu atalalamika. Familia ya watano inahitaji lita 80 au 100, au ivumilie kusubiri. Hita ikiachwa imewashwa saa 24 inapoteza kama uniti moja kwa siku kupitia ukutani mwake bila mtu kuoga. Kwa mteja wa TANESCO anayelipa karibu shilingi 350 kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, ajue kupasha tangi moja kwa siku kunakula uniti 66.

Shawa ya umeme ya papo kwa papo, mfano Lorenzetti ya Brazil, inaonekana kuwa nafuu, na kwa nyumba ya mtu mmoja au wawili kweli ni nafuu. Lakini hailiokoi taifa umeme kwa maajabu yoyote: inatumia kidogo kwa sababu inatoa maji kidogo. Wati 5,500 zinaweza kupandisha maji nyuzi 18 kwa kasi ya lita 4.4 tu kwa dakika. Mbeya au Njombe mwezi wa saba, maji yakiwa na nyuzi 15, unahitaji kupandisha 25, na kasi inashuka hadi lita 3 na kidogo. Pwani utafurahi nayo. Nyanda za juu utaoga ukijikunja. Kosa kubwa zaidi ni kuifunga kwenye waya wa hita ya zamani. Hita ya tangi inavuta ampea 6.5, na mafundi huilaza kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Shawa hii inavuta 24. Inataka waya wa milimita 6 za mraba kutoka meni swichi, breka yake ya ampea 32, na swichi ya ampea 45. Swichi iliyoyeyuka nje ya bafu karibu kila mara inatokana na hilo. Na kwa maji ya kisima, nunua ile iliyoandikwa kwamba ni ya maji ya chumvi. Ya kawaida ina koili tupu inayogusana na maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme.

Jua ndilo chaguo letu kwa familia kubwa yenye nyumba yake. Mtambo wa mirija 20 ya kioo yenye kipenyo cha milimita 58 na urefu wa 1,800 unapasha tangi la lita 200. Angalia kwanza urefu: mifumo isiyo ya presha inataka tangi la maji baridi liwe juu ya mtambo, na nyumba nyingi zina simtanki kwenye mnara ulio chini ya paa. Usijaze maji baridi mchana kwenye mirija mikavu iliyopigwa na jua, itapasuka, jaza alfajiri. Mrija ambao rangi ya fedha kwenye ncha yake imegeuka nyeupe umepoteza ombwe lake na haupashi tena. Arusha na Moshi, kati ya Juni na Agosti mawingu yanakaa hadi mchana, kwa hiyo chukua yenye koili ya akiba ya umeme. Nayo pia ina fimbo ya magnesi.

Ukirudi kwenye tangi la umeme, nunua hita ambayo dhamana ya tangi imeandikwa kando na ya vifaa vya umeme, na usome kama dhamana hiyo inadai ukaguzi wa fimbo. Kati ya mbili za lita sawa, chagua iliyo nzito zaidi. Uzito huo kwa kawaida ni chuma na povu. Usivutwe na tangi la chuma cha pua kwa maji ya chumvi: kloridi hutoboa viungo vyake vilivyochomelewa, na enameli yenye fimbo inayobadilishwa itadumu kuliko hilo. Kwa maji magumu, ulizia koili yenye ganda la aloi ya nikeli badala ya shaba. Hita iliyoundwa kusimama usiilaze.

Ikijaa inazidi kilo 65, kwa hiyo boliti za milimita 10 au 12 zifungwe kwenye tofali zima au zege. Bloku zenye matundu zinahitaji sahani ya chuma upande wa pili wa ukuta. Mabomba ya moto yawe ya PPR, plastiki inayovumilia maji ya moto, si ya PVC. Siku ya kufunga, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko wa chini, pamoja na ukubwa wa nati ya fimbo, ili fundi atakayekuja baada ya miezi 12 afike na fimbo inayoingia.